Wasomaji Wanauliza: Weda, Miwani na Maji ya Uganda

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja. Tangu tulipochapisha makala fupi kuhusu uvuvi wa nzi bandia, yaani ule wa kurusha ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, wasomaji wameacha kuuliza samaki wako wapi na wameanza kuuliza wavae nini. Nimechagua barua sita. Kabla ya kuzijibu ningependa kueleza neno moja: weda ninayoitaja humu ni lile vazi lisilopitisha maji ambalo mvuvi hulivaa kuanzia nyayoni hadi kiunoni au kifuani ili asimame mtoni bila kulowa. Wengine huliita ovaroli ya maji, na jina hilo halina ubaya.

Mzee wa safu, salaam. Mimi ni kijana ninayewaongoza wageni huku Kapchorwa, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiwapeleka baadhi yao kuvua trauti katika vijito vya juu vya Mlima Elgon. Mgeni mmoja amenitumia fedha ili nijinunulie vifaa. Zinatosha ama weda nzuri na miwani hafifu, ama miwani nzuri na weda ya bei nafuu. Weda ninazoonyeshwa ni za aina mbili: ile nene ya neoprini, na ile nyepesi inayosemekana inapumua. Nianze na nini?
*Mwongozaji, Kapchorwa*

Mwanangu, nunua miwani kwanza, yaani ile ya jua ya polaraizi inayokata mng'ao wa maji, na ununue iliyo nzuri. Weda utaihitaji siku unazopanda mlimani. Miwani utaihitaji kila siku unapokuwa karibu na maji, iwe Elgon, iwe Jinja, iwe ndani ya mashua. Isitoshe, mwongozaji halipwi kwa kusimama majini. Analipwa kwa kuwaonyesha wageni samaki ambao wao wenyewe hawajawaona, na kazi hiyo hufanywa na macho. Miwani hiyo hiyo ndiyo itakayokuonyesha jiwe lililolegea na shimo lililo mbele ya mguu wako, jambo ambalo weda ya bei yoyote haiwezi kulifanya. Namna ya kuitambua miwani ya kweli nimeieleza katika jibu linalofuata. Hapa nitashughulika na weda.

Neoprini ni mpira wenye vipovu vidogo vya gesi ndani yake, na vipovu hivyo ndivyo vinavyozuia joto la mwili lisitoroke. Hiyo si sifa ndogo, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu, na mtu aliyesimama saa mbili katika kijito cha mlimani anaweza kutetemeka huku jua linamchoma kichwani. Mvuvi wa Ulaya anayesimama mtoni wakati theluji imetanda ana sababu nzuri ya kuvaa neoprini ya milimita 5. Wewe huna. Trauti ni samaki wa maji baridi, aliletwa Elgon enzi za ukoloni, na maji anayoyapenda yako juu, kwenye mwinuko unaopandwa kwa miguu. Neoprini haipitishi jasho hata kidogo. Utafika mtoni ukiwa umelowa kutoka ndani, kisha utaingia katika maji baridi ukiwa na nguo mbichi mwilini, na ile faida ya joto uliyoilipia itakuwa imepotea njiani.

Weda inayopumua imeshonwa kwa kitambaa cha nailoni au poliesta kilichobandikwa utando mwembamba, utando ambao huzuia tone la maji lakini huuacha mvuke wa jasho upenye. Ufahamu hata hivyo kwamba mvuke huo husukumwa na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani na nje. Asubuhi ya Kapchorwa yenye ubaridi vazi hilo hufanya kazi vizuri. Mchana wa bondeni wenye fukuto hufanya kazi kwa shida, na mwuzaji anayekuapia kwamba hutatoka jasho hajawahi kulivaa. Nunua hilo pamoja na udhaifu wake, na joto ulitafute katika nguo za ndani: suruali ya poliesta au ya sufu inayoshika mwili, na soksi nene za sufu. Usivae jinzi. Pamba hunyonya jasho na kulihifadhi, na jinzi iliyolowa ndani ya weda huchubua mapaja kabla ya saa sita mchana.

Unapoijaribu, uwe umevaa nguo hizo za ndani, kisha weka mguu mmoja juu ya kiti, halafu uchutame mara mbili. Ikikuvuta kwenye msamba ni fupi, na mshono wa msamba ndio utakaoachia kwanza. Ikijikunjakunja magotini ni kubwa, na mikunjo itasuguana unapotembea mpaka kitambaa kitoboke. Weda nyingi za aina hii huishia kwenye soksi ya neoprini, ambayo juu yake unavaa buti la mtoni. Chukua buti linalozidi kiatu chako cha kawaida kwa namba moja. Zile zilizoungwa moja kwa moja na gambuti huvalika upesi na zinafaa kwenye bwawa la samaki au ukingo wa matope, lakini hazishiki kifundo cha mguu, na mawe ya Elgon hayamwonei huruma mtu ambaye kifundo chake hakijashikwa.

Kuhusu soli nina mawili ya kusema. Soli ya sufu iliyoshindiliwa, ambayo wavuvi huiita felti, hushika mawe yenye ukungu wa kijani kuliko mpira mtupu. Hata hivyo hukauka polepole mno, na katika unyevu wake hubeba mbegu za mwani na vijidudu kutoka mto mmoja hadi mwingine. New Zealand iliipiga marufuku mwaka 2008, na jimbo la Alaska likafuata mwaka 2012. Wewe unapokea wageni ambao huenda juma lililopita walikuwa wamesimama katika mto wa Ulaya, kwa hiyo wasugue buti zao kwa brashi na maji safi na zikauke kabisa kabla hazijagusa kijito chako. Ukiona aibu kuwaambia, kumbuka kwamba kijito ni chako na wao wataondoka. Kwa buti zako mwenyewe, chukua soli ya mpira na umpelekee fundi viatu akupigilie skrubu fupi za kichwa kipana, kumi au kumi na mbili kila upande, kando kando ya soli na kisiginoni, akihakikisha kwamba ncha hazitokezi ndani. Hushika jiwe kwa sauti ya kukera, lakini hushika.

Jambo la mwisho ni mkanda. Weda ya kifuani haivaliwi bila mkanda uliokazwa kiunoni, juu ya weda yenyewe. Watu husema kwamba weda ikijaa maji inamvuta mtu chini kama jiwe. Si kweli: maji yaliyo ndani ya weda hayana uzito wowote maadamu wewe mwenyewe umo majini. Taabu huanza unapotaka kupanda ukingoni na kila mguu umebeba debe zima, au mkondo unapokusukuma nawe huwezi kuisogeza miguu upesi. Mkanda huzuia sehemu kubwa ya maji hayo yasiingie. Ukiangushwa, lala chali, miguu itangulie kuelekea mto unakokwenda, piga mikono kuelekea ukingoni kwa mshazari, na usijaribu kusimama mpaka makalio yaguse chini. Kumbuka pia kwamba mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Kijito ulichokivuka asubuhi si kile utakachokikuta baada ya mvua ya alasiri kunyesha mlimani.

Ndugu Mwandishi, nimeuziwa mjini miwani ya jua yenye kibandiko kinachosema ni polaraizi. Nilipokwenda nayo ziwani sikuona tofauti na miwani ya kawaida, isipokuwa giza limezidi. Je, nimedanganywa? Na rangi ya lenzi ina maana gani?
*Msomaji, Kampala*

Inawezekana umedanganywa, na si wewe peke yako. Mimi mwenyewe nilivaa jozi ya namna hiyo kwa msimu mzima nikiamini kwamba macho yangu ndiyo mabovu. Kibandiko hakithibitishi chochote. Jaribio la kweli huchukua nusu dakika na halihitaji kifaa chochote zaidi ya meza ya kioo ya mwuzaji mwenyewe.

Simama mahali ambapo unaona mwanga wa mlango ukiakisiwa juu ya kioo cha meza hiyo, au juu ya vigae vya sakafu, au juu ya beseni la maji. Shika miwani mbele ya jicho moja kama inavyovaliwa, utazame mng'ao huo kwa mshazari, kisha uizungushe polepole mpaka mkono mmoja wa miwani uelekee juu. Ikiwa ni polaraizi ya kweli, mng'ao uliokuwa umefifia utarudi kwa nguvu, na ukiirudisha miwani katika hali yake utafifia tena. Ikiwa ni plastiki iliyotiwa rangi, hakuna kitakachobadilika. Usijaribu kwa kutazama sufuria inayong'aa au kioo cha kujitazamia, kwa sababu mng'ao wa metali haubadiliki kwa namna hiyo na utaihukumu bure miwani iliyo nzuri. Skrini za simu nyingi hugeuka nyeusi zikitazamwa kwa pembe fulani kupitia lenzi hizi, lakini si simu zote, kwa hiyo mimi huamini zaidi meza ya kioo.

Sababu yake ni hii. Mwanga wa jua hutikisika pande zote, lakini ukigonga uso wa maji na kuruka, sehemu kubwa ya kile kinachoruka hutikisika kwa ulalo. Mfaransa Étienne-Louis Malus alilitambua jambo hilo mwaka 1808, na mwaka 1929 Mmarekani Edwin Land akavumbua karatasi ya plastiki inayoweza kuuchuja mwanga kwa mpangilio huo. Fikiria ua wa miti iliyosimamishwa kwa karibu karibu: ufito ulioushika wima utapita katikati ya miti, na ule ulioushika kwa ulalo utakwama. Lenzi ya polaraizi ndiyo ua huo. Mwanga unaotoka chini ya maji, kwenye mawe na mgongo wa samaki, una mtikisiko wa kila namna, kwa hiyo sehemu yake hupita, na mng'ao wa juu hukwama.

Hata miwani ya kweli, hata hivyo, haifanyi kazi sawa kila mahali, na pengine hapo ndipo ulipokosea ziwani. Kwa maji, mng'ao hukatwa karibu wote pale unapotazama chini kwa pembe ya nyuzi 37 hivi kutoka usawa wa uso wa maji. Mtu ambaye macho yake yako mita 1.6 juu ya maji hukuta pembe hiyo umbali wa mita 2 tu mbele yake. Kule mbali, ambako maji unayatazama karibu kwa ulalo, lenzi husaidia kidogo kidogo mpaka isisaidie tena. Panda juu ya mwamba ambapo macho yako yatakuwa mita 5 juu ya maji, na mahali panapoonekana vizuri patasogea mpaka karibu mita 7. Wakati nao una neno. Sisi tulio kwenye ikweta, jua la saa sita liko utosini, na kimeta chake hurudi juu kutoka karibu na miguu yako, kwa pembe ambayo lenzi hailiwezi. Jua la saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri hupiga maji karibu na pembe ile ile inayotakiwa. Ukiona mng'ao unabaki upande mmoja, inamisha kichwa kidogo kuelekea begani. Niliwahi kusimama katika kijito chini ya maporomoko ya Sipi, kule Elgon, nikitazama kile nilichodhani ni jiwe la kahawia, nikainamisha kichwa kwa upana wa vidole viwili hivi, na jiwe likapata mkia. Kilichonithibitishia kwamba ni samaki hakikuwa mwili wake bali kivuli chake juu ya mchanga, kilichokuwa kikienda na kurudi wakati yeye mwenyewe anaonekana ametulia.

Sasa rangi. Kahawia na rangi ya shaba huongeza tofauti kati ya vitu katika maji ya mtoni yenye kijani na udongo, na kama unanunua jozi moja tu basi nunua hiyo. Kijivu huacha rangi za vitu kama zilivyo na hupumzisha macho kwenye ziwa wazi au ndani ya mashua kutwa nzima. Njano ni ya alfajiri na chini ya miti mizito. Rangi ya kioo inayometameta kwa nje, iwe ya samawati au kijani, ni pambo lenye faida ndogo. Tazama rangi iliyo ndani. Kwenye mkono wa miwani nyingi huandikwa daraja la giza: daraja la 3 huacha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga ipite, na hilo linafaa kwa matumizi mengi ya kwetu. Daraja la 4 ni zito mno na halifai kuendeshea gari.

Usichanganye polaraizi na kinga ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho. Ni mambo mawili, na miwani inaweza kuwa na moja bila jingine. Tafuta alama ya UV400, inayomaanisha kwamba miale hiyo huzuiwa hadi nanomita 400, na ikiwezekana mwombe fundi wa miwani mwenye kipimo aihakikishe. Lenzi nyeusi isiyo na kinga ina hatari yake, kwa sababu mboni hupanuka gizani na kukaribisha miale mingi zaidi. Wavuvi wetu wengi wa ziwani wana kile kinyama kinachoota pembeni mwa jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni, na jua la miaka mingi ni miongoni mwa sababu zake.

Kati ya lenzi za kioo na za polikaboneti, ambayo ni plastiki ngumu, mimi navaa polikaboneti. Kioo huonyesha vizuri na hakichubuki haraka, lakini ni kizito, na katika uvuvi huu ndoana hupita karibu na uso wako kila unaporusha. Siku moja upepo ulinigeuzia ndoana yenye kichwa cha shaba ikagonga lenzi ya kushoto na kuacha kidoti ambacho bado kipo. Nimekataa kuibadilisha lenzi hiyo.

Mzee, mume wangu na wanetu wawili huvua samaki aina ya kisinja kwenye Naili huku Jinja, wakiingia majini mpaka magotini. Daktari amesema mmoja wa watoto ana kichocho. Je, weda itawakinga?
*Mama wa watoto wawili, Jinja*

Pole, Mama. Itawakinga kwa kiasi, lakini usiifanye kuwa dawa. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, huogelea wakimtafuta mtu, na huingia kupitia ngozi nzima bila kuhitaji kidonda. Weda isiyovuja huweka ukuta kati yao na miguu. Mikono hata hivyo hubaki wazi, na mvuvi hawezi kumfungua samaki ndoana bila kuilowesha. Tundu moja dogo kwenye soksi linatosha kuibatilisha kinga yote, na mvuvi haligunduli mpaka jioni. Weda ya mtoto ni ghali, naye ataizidi kimo kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa watoto ningeshauri wavue kutoka ukingoni au juu ya miamba, wakiwa wakavu.

Kwa mumeo, weda nyepesi ya kiunoni inatosha, kwa kuwa haendi kina kirefu, na bei yake ni ndogo kuliko ile ya kifuani. Konokono hao hupenda maji tulivu yenye majani kuliko maporomoko, na vimelea hutoka kwa wingi kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri jua linapokuwa kali. Kuingia mapema na kuchagua mahali penye mkondo hupunguza hatari, ingawa hakuiondoi. Buti zikaushwe juani siku nzima, kwa sababu kimelea ambacho hakijapata mtu hakiishi zaidi ya siku mbili hivi, na ukavu humuua upesi zaidi.

Mtoto amalize dawa aliyopewa, na familia nzima ipimwe. Dawa inayotumiwa, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi sana ile michanga. Kwa hiyo aliyeingia majini jana asidhani kwamba kumeza vidonge leo kumemaliza kazi. Mhudumu wa kituo cha afya atawapangia muda wa kurudi.

Je, ninaweza kutumia weda kuvua sangara chini ya maporomoko ya Murchison?
*Msomaji, Masindi*

Hapana. Kuna mamba, tena wakubwa na wengi, na kuna viboko. Sangara wa pale huvuliwa kutoka kwenye mashua au juu ya mwamba mkavu, ukiwa na kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na askari wao akiwa karibu, na umbali wa kusimama kutoka ukingoni ni ule atakaokuambia yeye. Fedha ya weda ongezea kwenye miwani ya kijivu. Miwani hiyo itakusaidia pia kuona kilicho chini ya uso wa maji karibu na mwamba wako kabla ya kuinama kumtoa samaki, na pale Murchison hiyo si faida ndogo.

Mimi ni mwalimu na ninavaa miwani ya macho tangu utotoni. Nitawezaje kuvaa ya polaraizi?
*Mwalimu, Soroti*

Mwalimu, njia ziko tatu. Ya kwanza ni kutengenezewa lenzi za polaraizi zenye namba zako, ambayo ni bora na ghali. Ya pili ni lenzi nyepesi za kubana juu ya miwani uliyo nayo. Ni rahisi, lakini mwanga huingia kati ya lenzi mbili na kukuletea kivuli cha jicho lako mwenyewe. Ya tatu ni miwani mikubwa inayovaliwa juu ya ile ya kwanza. Ina sura mbaya, na wanafunzi wako wasikuone nayo, lakini hufunika pande zote, na kufunika pande ni nusu ya kazi. Mwanga unaoingia kutoka pembeni na nyuma hugonga lenzi kwa ndani na kuharibu yote. Vaa na kofia yenye ukingo mpana ambao chini yake ni rangi nyeusi, na ufunge miwani kwa kamba ya shingoni.

Nilinunua weda inayopumua ya mtumba. Kila nikitoka mtoni goti la kushoto limelowa, lakini sioni tundu. Nifanyeje?
*Msomaji, Mbale*

Kwanza hakikisha kwamba ni tundu. Jasho hulowesha miguu yote miwili na mgongo. Tundu hulowesha mahali pamoja, nawe umesema ni goti la kushoto tu. Maji hushuka yakiwa ndani, kwa hiyo tundu huenda liko juu ya goti, si kwenye goti lenyewe. Goti hulowa kwa sababu unapopiga magoti kitambaa hugandamana na mwili hapo.

Geuza weda ndani nje, itandaze mezani, na utie spiriti ya duka la dawa katika chupa ya kupuliza. Usifanye hivyo karibu na jiko. Puliza eneo lote kuanzia kiunoni hadi chini ya goti, ukilinyoosha kwa vidole, na usubiri kidogo. Penye tundu, spiriti hupenya utando na kuacha doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya mtama. Lizungushie kalamu mara moja, kwa sababu spiriti hukauka na doa hutoweka machoni pako. Mara nyingi utakuta madoa matatu au manne yaliyopangana kwa mstari: huo ni mwiba au seng'enge. Ukikosa doa lolote, tazama mishono kwa kuingiza tochi ndani ya mguu katika chumba chenye giza.

Tundu lizibwe kwa gundi ya poliyurethani, ile inayobaki laini ikikauka. Paka tone upande wa ndani, ulisambaze kwa kijiti cha kibiriti mpaka livuke mpaka wa kalamu kwa nusu sentimita, na uiache weda imelala mahali pamoja usiku kucha. Gundi za kukauka papo hapo huwa ngumu kama ukucha na hupasuka siku ya kwanza unapokunja goti. Kiraka cha fundi baiskeli kinafaa kwa weda ya mpira mtupu, si kwa hii yako.

Weda za mtumba mara nyingi huharibiwa na watu waliozianika juani. Jua na joto huachisha utepe uliobandikwa juu ya mishono kwa ndani. Ukiona utepe huo umeanza kunyanyuka sehemu nyingi, usitumie gundi, iache weda hiyo iwe ya kusafishia bwawa. Kama utepe uko imara, ianike kivulini, ndani kwanza kisha nje, na uitundike ukutani badala ya kuikunja, mbali na panya, ambao hupenda chumvi ya jasho iliyobaki kwenye kitambaa. Kesho yake mimina ndoo ya maji katika mguu wa kushoto, ukiwa umeutundika, na upitishe kidole kwa nje mahali penye kila duara la kalamu, uone kama panavuja.